Harvest Moon: albamu ya Neil Young iliyopimwa kwa masikio yaliyoumia

Mwaka 1991 mwanamuziki wa roki Neil Young alitoa Weld, albamu ya jukwaani ya diski mbili aliyorekodi na kundi lake la Crazy Horse. Iliambatana na Arc, dakika 35 za mngurumo wa magitaa ya umeme uliokatwa na kuunganishwa kutoka kwenye maonyesho hayohayo. Novemba 1992 akatoa Harvest Moon: nyimbo 10, kama dakika 51, gitaa la mbao mbele, brashi juu ya dramu, waitikiaji nyuma. Aliyezinunua kwa kufuatana angeweza kudhani amesikia wanamuziki wawili wasiofahamiana.

Maelezo ya haraka yanayotolewa kila mara ni kwamba mwanamuziki amefika makamo, ametulia, akaikumbuka Harvest yake ya 1972 na kuitafutia mwendelezo. Kuna ukweli ndani yake, lakini hayamsaidii mtu anayetaka kujua kwa nini albamu hii ni pole namna hii, na kwa nini zilizoiga mtindo wake nyingi huishia kusinzia badala ya kutulia. Jibu linaanzia kwenye sikio.

Kilichotokea kwenye masikio

Ziara ya mwanzoni mwa 1991 na Crazy Horse, ambako kundi la Sonic Youth lilikuwa miongoni mwa waliofungua pazia, ilikuwa ya sauti kubwa kwa makusudi. Baada ya ziara ikaja kazi ya kuzichanganya zile rekodi, yaani kukaa mbele ya spika za studio na kusikiliza mngurumo uleule tena na tena. Young mwenyewe ameeleza hadharani kwamba kazi ya Weld ilimuumiza masikio, na kwamba aliitengeneza Harvest Moon kwa sababu hakutaka kusikia sauti kubwa.

Hesabu ya jambo hili inajulikana vizuri kwa wanaoshughulikia usalama kazini. Kipimo kinachotumiwa na watafiti wa afya ya kazi nchini Marekani kinaruhusu saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94, nusu saa kwa 97, dakika 15 kwa 100. Ukifika 109 umebakiwa na chini ya dakika 2. Jukwaa la roki lenye amplifaya zilizofunguliwa hupita hapo bila shida, na onyesho huchukua saa mbili.

Madhara yake si kupungua kwa usikivu peke yake. Wapo wanaobaki na mlio usiokoma masikioni, na wapo ambao sauti za kawaida, kama sahani kugongana au mlango kufungwa, huwauma. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama mbele ya simbali. Hata kofi la fimbo kwenye sneya (dramu ndogo yenye nyaya chini yake), lenye ncha kali mwanzoni, ni tatizo kwake. Hapo ndipo uamuzi wa kisanii na hali ya mwili vinapokutana: chochote kitakachoingia kwenye albamu lazima kiweze kupigwa chumbani bila kumuumiza mwenye albamu.

Na haikuwa mara ya kwanza mwili wake kumchagulia vyombo. Wakati wa Harvest, mwaka 1971, alikuwa na maradhi ya mgongo, akivaa mkanda wa kushikilia kiuno na hatimaye kufanyiwa upasuaji. Gitaa la umeme lenye mwili mzito lilikuwa gumu kulibeba kwa muda mrefu, kwa hiyo sehemu kubwa ya albamu ile aliipiga amekaa, na gitaa la mbao mapajani. Miaka 20 baadaye ikawa zamu ya masikio. Undugu wa albamu hizi mbili upo hapo zaidi ya kwenye majina yake.

Watu waliochaguliwa

Kundi lililoitwa lilikuwa lilelile lililopiga kwenye Harvest, Stray Gators: Kenny Buttrey kwenye dramu, Tim Drummond kwenye besi, Ben Keith kwenye gitaa la stili lenye pedali (gitaa la kulazwa, linalopigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi). Kinanda, ambacho awali kilikuwa cha Jack Nitzsche, safari hii kilishikwa na Spooner Oldham. Ben Keith pia aliitayarisha albamu pamoja na Young. Linda Ronstadt na James Taylor, walioitikia kwenye Harvest, walirudi, na Nicolette Larson akaongezeka.

Ukiangalia walikotoka watu hawa unaona jambo ambalo jina "muziki wa kiasili", linalobandikwa albamu kama hii, linalificha. Drummond alikuwa amempigia besi mwimbaji wa soul James Brown. Oldham ndiye aliyepiga ogani kwenye wimbo maarufu wa Percy Sledge wa 1966. Buttrey alikuwa mpigaji wa studio za Nashville aliyefanya kazi na Bob Dylan miaka ya 1960. Keith alipiga stili kwa mwimbaji wa kantri Patsy Cline mwaka 1961. Ni wapigaji wa kulipwa kwa kikao, waliozoea kuambiwa "punguza" na kupunguza bila kunung'unika. Mpigaji kijana akiambiwa apige kwa upole, mara nyingi hupiga taratibu lakini anaendelea kujaza kila upenyo. Hawa huacha upenyo ukae wazi.

Nalisema hili kwanza kabla ya maikrofoni na mitambo kwa sababu ndilo linalokosewa zaidi. Albamu pole ya gitaa la mbao haitengenezwi kwa kupunguza idadi ya wapigaji. Humu mna besi, dramu, stili, kinanda na waitikiaji kadhaa, na bado inasikika kana kwamba watu watatu wamekaa barazani. Siri ni kwamba gitaa la mbao limewekwa kuwa dari: hakuna chombo kinachoruhusiwa kulipita kwa nguvu, na mwimbaji yuko juu yake kidogo tu.

Wimbo mmoja kwa karibu

Wimbo unaobeba jina la albamu ndio wa kusomea. Gitaa limelegezwa uzi wa sita, ule mnene, kutoka E hadi D. Ni kushuka kwa nusu-toni mbili, kutoka takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 82.4 hadi 73.4. Faida yake ni kwamba kodi ya D (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) inapata sakafu: uzi wa sita, wa tano na wa nne unaweza kuachwa wazi (D, A, D) huku vidole vikifanya kazi kwenye nyuzi nyembamba.

Na kazi hiyo ni ndogo ajabu. Kodi inabaki D, kinachohama ni noti moja ya juu: D, kisha B, kisha C#. Kwa wanaosoma kwa majina, ni D, D6, Dmaj7. Kwenye uzi wa pili ni freti (vile vyuma vya shingoni) ya tatu, uzi wazi, halafu freti ya pili. Basi. Sikio linapata kitu cha kufuata, lakini hakuna kilichopandishwa sauti ili lifuate. Beti zinapoanza, wimbo unaegemea kodi ya Em7 na kurudi kwenye mzunguko huo wa D. Kiitikio kinakaa kwenye A7, ambayo kwa kawaida ingedai kurudi nyumbani haraka, ila hapa inacheleweshwa mpaka msikilizaji anaanza kuipenda.

Anayetaka kuupiga ajihadhari na mambo mawili. La kwanza, ukilegeza uzi kwa nusu-toni mbili, mvutano wake hushuka kwa takriban sehemu moja ya tano. Uzi uliolegea hivyo ukipigwa kwa nguvu hugonga freti na kuvuma, na mwanzoni mwa kila pigo huruka juu ya noti yake kabla ya kutulia, kwa hiyo gitaa linasikika halijatuniwa ingawa limetuniwa. Tiba ni kidole gumba chepesi. Kama mkono wako ni mzito, badilisha huo uzi mmoja: kwenye seti inayoanzia 0.012 hadi 0.053 ya inchi, weka 0.056 mahali pa 0.053. La pili, mikono iliyozoea tuni ya kawaida husahau kwamba noti zote za uzi wa sita zimesogea freti mbili. E sasa iko freti ya pili na G iko freti ya tano, siyo ya tatu. Ndiyo maana Em7 ya urahisi hapa ni kubonyeza uzi wa sita na wa tano kwenye freti ya pili na kuacha nyingine zote wazi.

Sasa sikiliza kilicho nyuma ya gitaa. Kuna mchakacho laini unaokwenda na mapigo, unaokaa pale ambapo sikio linatarajia simbali ndogo. Ni fagio. Larry Cragg, fundi wa magitaa wa Young, alifagia kwa mapigo, na kwenye orodha ya wapigaji amewekwa kama mpiga fagio. Kwa masikio yaliyoumia lilikuwa chaguo la akili: mchakacho wa fagio una sauti za juu zinazotunza mwendo, lakini hauna ile ncha ya ghafla ya chuma kugongwa.

Wengi wamejaribu kuiga na kupata kelele tu. Sababu ni ya muda. Pigo la fimbo lina kilele mwanzoni kabisa, ilhali mfagio unajijenga na kilele chake kiko katikati. Ukianza kufagia pale pigo linapoangukia, utasikika umechelewa. Anza mapema kidogo, ili katikati ya mfagio ndipo paangukie pigo. Mfagio uwe mfupi, kwani mrefu unameza pigo linalofuata. Tumia fagio la nyasi ngumu au njiti juu ya ubao usio laini (zulia halitoi kitu, sakafu yenye vanishi inanguruma). Weka maikrofoni sentimita 30 hadi 50 kutoka mahali njiti zinapogusa, kata chochote kilicho chini ya hezi 200, kisha shusha sauti yake mpaka uone kama umeipoteza, halafu pandisha kidogo. Msikilizaji hapaswi kulitambua fagio. Anapaswa kuona wimbo umepungukiwa likiondolewa.

Stili ya Ben Keith inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mguu wake uko kwenye pedali ya sauti: uzi unadonolewa pedali ikiwa imefungwa, kisha inafunguliwa polepole, na mdonoo wenyewe hausikiki. Noti inaingia kama pumzi. Linda Ronstadt, aliyekuwa na koo la kujaza ukumbi, anaitikia kwa kiasi kinachomwacha Young mbele, na hilo kwa mwimbaji wa uwezo wake ni kazi ngumu kuliko kupaza.

Chumba, maikrofoni na yale yanayoharibika

Rekodi nyingi zilifanyika kwenye studio ya Redwood Digital, ndani ya shamba la Young la Broken Arrow huko California. Anayetaka kuufikia upole wa aina hii hahitaji shamba. Anahitaji chumba kisichopiga mwangwi mfupi wa kugongana, na nidhamu.

Gitaa kubwa la mbao lenye kiuno kinene lina mvumo wa asili kati ya hezi 100 na 200, na mvumo huo unatokea kwenye tundu. Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kuelekeza maikrofoni kwenye tundu kwa sababu ndiko sauti inakotoka kwa wingi. Elekeza pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya 12, umbali wa sentimita 25 hadi 30. Ukiwa na maikrofoni mbili, ile ya pili iwe mbali na ya kwanza mara tatu ya umbali wa ya kwanza kutoka kwenye gitaa, la sivyo mawimbi yatakatana na gitaa litakuwa jembamba kama limepigwa ndani ya kopo. Kabla ya kurekodi, zibadilishe ziwe sauti ya spika moja na usikilize. Mvumo ukitoweka ghafla, sogeza maikrofoni ya pili, usikimbilie vitufe.

Nyuzi mpya kabisa zinang'aa na kukwaruza kila kidole kinapoteleza, na nyuzi zilizochoka hazishiki tuni. Zifunge siku moja au mbili kabla ya kazi na uzipige. Unyevu wa chumba uwe karibu asilimia 45 hadi 50. Ukishuka sana mbao husinyaa, nyuzi hukaribia freti, na ule uzi wa D uliolegea ndio wa kwanza kulalamika.

Swali la kuimba na kupiga kwa pamoja au kwa zamu lina jibu moja kwa muziki huu: kwa pamoja, kila inapowezekana. Mtu anapoimba huku akipiga, mkono wake hupungua wenyewe mahali sauti ya kinywa inapopungua. Ukizitenganisha, gitaa linabaki na nguvu ileile kutoka mwanzo hadi mwisho, na baadaye unaanza kulipandisha na kulishusha kwa mashine ili lifanane na uimbaji. Gharama yake ni kwamba sauti ya gitaa inaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji. Maikrofoni inayosikia kwa umbo la tarakimu 8, yaani mbele na nyuma, inasaidia sana: ina pande mbili ambazo hazisikii kabisa. Ielekeze mdomoni sentimita 15 hadi 20, kisha iinamishe mpaka upande wake usiosikia uangalie gitaa. Kukosea neno moja kutamaanisha kurudia wimbo mzima, na wapigaji wa zamani hawalioni hilo kama tatizo.

Kwenye dramu, brashi ndiyo nusu ya kazi tu. Nusu nyingine ni kulegeza nyaya za chini ya sneya zisilie kila besi inapopigwa. Chumba kikiwa kidogo, maikrofoni mbili zinatosha, moja juu na moja mbele ya dramu kubwa.

Kisha wakati wa kuchanganya linakuja jaribu la kubana, yaani kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo kwa mashine iitwayo kompresa. Kompresa ikitumika kwa uwiano wa 2 kwa 1, ikishusha desibeli 2 hadi 4 kwenye sehemu zenye nguvu, inashikilia mambo. Ikizidi hapo inapandisha kila kilichokuwa chini: mikwaruzo ya vidole, pumzi, kiti kinacholia. Upole wa Harvest Moon unategemea tofauti kati ya kilicho laini na kilicho laini zaidi, na mashine iliyobana hufuta tofauti hiyo kwanza. Wanaotoa kazi mtandaoni leo hawana sababu ya kubana ili washindane kwa ukubwa, kwa kuwa huduma za kusikiliza zenyewe husawazisha sauti, nyingi karibu na -14 kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho LUFS. Albamu ya namna hii inakaa vizuri kwenye -16 au hata -18.

Mahali dari linapotoboka

Albamu haina usawa kote. Such a Woman imewekewa nyuzi za okestra zilizopangwa na Jack Nitzsche, na hapo utaratibu wote unavunjika. Violini nyingi kwa pamoja haziwezi kukaa chini ya gitaa la mbao; zinajaza katikati yote ya sauti, ambako koo jembamba la Young lilikuwa na nafasi yake. Wimbo wenyewe si mbaya, lakini unasikika umetoka albamu nyingine, na mimi nauhesabu kuwa ndio udhaifu wa kweli wa kazi hii. Kuna anayeutetea kwa kusema Harvest nayo ilikuwa na okestra. Ndiyo, na pale pia nyimbo mbili zenye okestra ya London ndizo zinazogawanya wasikilizaji mpaka leo.

Old King ni jambo tofauti. Banjo yake inachangamka na mdundo unakimbia, lakini banjo sauti yake hufa haraka baada ya mdonoo, kwa hiyo inachangamsha bila kujaza. Imewekwa ya nane kati ya 10, mara baada ya okestra, na inafungua dirisha. Baada yake Dreamin' Man, kisha Natural Beauty, zaidi ya dakika 10, ambayo msingi wake ulirekodiwa mbele ya hadhira huko Portland, Oregon, Januari 1992. Wimbo mrefu namna hiyo wenye kodi chache ungekuwa mzigo kama ungefungua albamu. Ukiwa wa mwisho, sikio limekwisha kuzoea kiwango cha chini na halidai kitu kikubwa.

Sokoni albamu ilifika nafasi ya 16 Marekani na ya 9 Uingereza, na mwaka 1994 ikapewa tuzo ya Juno ya albamu bora nchini Kanada, nchi alikozaliwa Young. Mwaka huohuo alitoa Sleeps with Angels pamoja na Crazy Horse, na 1995 akarekodi na kundi la Pearl Jam. Magitaa ya umeme yalirudi.

Anayetaka kuyapima haya yote kwa masikio yake ana kifaa tayari. Mwaka 2009 ilitolewa Dreamin' Man Live '92, yenye nyimbo zilezile 10 alizopiga peke yake jukwaani mwaka 1992. Weka wimbo mmoja kutoka albamu zote mbili, sawazisha sauti ya uimbaji iwe sawa kwenye zote, kisha sikiliza bila kugusa kitufe. Kwenye ile ya jukwaani gitaa linabeba besi, mdundo na kodi, kwa hiyo mkono unapiga kwa uzito zaidi na nafasi kati ya mapigo imejaa. Kwenye ile ya studio gitaa limepunguza kazi, maana Drummond ameshika chini na fagio limeshika juu. Rudia kwa Unknown Legend, halafu kwa Such a Woman. Kwenye huo wa pili utakuta toleo la mtu mmoja ndilo linalotulia zaidi.